Alizeti za Mpakani

Neno ambalo majirani zangu wa Pangani wamelisikia mara nyingi kutoka kinywani mwangu kuliko salamu ni hili: sikati. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa, nimewaambia mabwana afya waliopita na daftari lao, nimemwambia dada wa duka aliyedai kwamba nyoka watahamia kwake. Alizeti zangu zimeshapita bati la nyumba. Zimesimama upande wa kushoto wa kiwanja, mstari mzima, na zikichanua baada ya masika mtu anayekuja kwa bodaboda anaziona kabla hajaiona nyumba. Wapo wanaosema zinapendeza. Wengi wanasema yule mama anafuga pori.

Pangani ninayoisema ni hii yetu ya Kibaha, si ile ya Tanga. Na alizeti ninazozisema si zile za mafuta. Ile ya mafuta inapandwa, inatoa kichwa kimoja kikubwa, inavunwa, inakufa, na mwakani unaanza upya na mbegu mpya. Hii yangu ni alizeti mwitu. Jani lake limegawanyika kama kiganja kilichofunguliwa vidole, na ni chungu hata mbuzi anaonja mara moja tu na kuondoka. Maua yake ni madogo lakini hayahesabiki. Ukiikata inarudi. Ukiikata tena inarudi nene zaidi. Nadhani ndiyo sababu tumeelewana.

Mimi ni mtu wa bara, nilizaliwa kwenye baridi, kwenye udongo mweusi ambao ukichomeka fimbo unaweza kurudi baada ya wiki ukakuta majani. Marehemu mume wangu alikuwa Mzaramo wa Msimbu, kule Kisarawe. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake, na pande zote mbili za ukoo zikakaa zikisubiri tushindwane. Hatukushindwana. Tulinunua kiwanja Pangani, nyumba ikafika kwenye renta, bado paa, ndipo yeye akafariki. Watu wakaanza kuniuliza nitarudi lini kwetu. Hawakuuliza kama nitarudi, waliuliza lini. Niliwajibu kwa kuezeka.

Kazi yangu ilikuwa masjala, kutunza mafaili katika ofisi moja Dar. Nilitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi likiwa limekwisha, kwa hiyo kiwanja kilikuwa changu Jumamosi na Jumapili tu. Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Maji ukiyamwaga yanazama kama vile yamekumbuka shughuli mahali pengine. Nilipanda mchicha, ukatoka mwembamba na wa njano. Nilipanda matembele, mchwa wakala vikonyo vyote. Nilikuwa karibu kukubali kwamba bustani haitakuwepo.

Mama mkwe ndiye aliyeleta alizeti. Alikuja mwezi mmoja kabla ya mvua za vuli, akiwa amebadilisha magari njiani, na kichwani ana mzigo uliofungwa kwa gunia lililolowa. Nilidhani ni mihogo. Alipoufungua nikaona vijiti, kama arobaini hivi, vya kijani kilichokomaa, kila kimoja urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, upande mmoja vimekatwa mshazari.

"Hivi ndivyo vitakavyokulisha," akasema. "Mchicha utakuja baadaye."

Alinifundisha siku ile ile. Kijiti kikatwe kwenye shina lililokomaa, si changa wala si kavu. Macho matatu yaingie ardhini na mawili yabaki juu. Kichomekwe kikiwa kimelala kidogo, kikielekea upande wa jua la asubuhi, na shimo litiwe jivu kidogo kwa ajili ya mchwa. Hakitaki mbolea, hakitaki kubembelezwa. Ila maua yakikauka ukate yote hadi usawa wa goti kabla mbegu hazijapukutika, la sivyo yataota mpaka kitandani. Majani unayalaza kwenye matuta ya mboga yaoze, au unayaloweka kwenye pipa siku saba, maji yake unayazimua na kumwagilia. Yananuka vibaya. Alinionya kwamba yananuka, na bado sikuwa nimejiandaa.

Tulianza kupanda mbele, karibu na barabara, kuelekea nyuma. Yeye alichomeka, mimi nikamwaga maji. Tulipofika katikati ya kiwanja akasimama, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Jirani yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna jirani. Kiwanja cha pili kilikuwa majani na kichuguu kimoja, mwenyewe alikuwa mtu wa Dar ambaye sijawahi kumwona.

"Basi tuishie hapa."

Nikadhani amechoka. Hakuwa amechoka. Kwao Msimbu, aliniambia, mpaka unapandwa na watu wawili. Huyu anaanzia huku, yule anaanzia kule, wanakutana katikati, wanakaa wanakula pamoja, hata kama ni muhogo wa kuchoma. Baada ya hapo hakuna wa kusema sikujua. Mpaka uliopandwa na mkono mmoja, alisema, ni maneno ya mtu mmoja. Nusu ya nyuma ilikuwa haki ya jirani, tumwachie hadi atakapokuja.

Nilisema ndiyo mama. Nilimpikia, nikamsindikiza kituoni Jumapili, nikampungia mkono. Jumamosi iliyofuata nikachukua vijiti vilivyobaki na kupanda nusu ya nyuma peke yangu. Sikuvuta uzi, sikuita mtu. Nilipima kwa macho. Nilikuwa mjane katika kiwanja kisicho na ukuta, na sikuwa tayari kuacha pengo la hatua ishirini nikimsubiri mtu ambaye huenda alikuwa bado hajazaliwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati ule.

Zilishika zote. Mwaka wa kwanza zilifika kifuani, wa pili zikapita dari, wa tatu ukawa ukuta wa majani ambao hata kuku hapenyi. Mashina yalitanuka hadi upana wa hatua nzima. Na udongo ukabadilika. Nilikata matawi, nikalaza, nikaloweka, nikamwaga, wiki baada ya wiki, hadi siku moja nikachimba tuta na mchanga ukashikana mkononi. Nilikaa chini pale pale nikalia, na sioni aibu kusema. Mchicha ukawa na majani ya kufunika sahani. Matembele yakatambaa hadi chini ya alizeti zenyewe, na mchwa sikuwaona tena upande ule. Ilikuwa bustani ya hatua nne kwa upana, ikifuata mpaka wote wa nyuma, na ndiyo kitu pekee pale Pangani ambacho sikukikuta wala sikusaidiwa kukitengeneza. Nyumba tuliianza wawili. Udongo ule niliutengeneza mimi.

Jirani alikuja wakati alizeti zina miaka minne. Alinunua kile kiwanja cha kichuguu kwa yule mtu wa Dar. Siku ya kuonyeshwa mipaka nilikuwa kazini, na hakuna aliyeona umuhimu wa kuniita. Niligundua kwamba nina jirani mwezi wa tatu, siku chache kabla ya masika, niliporudi jioni na kukuta mafundi wake wamepita.

Walikuwa wameanza maandalizi ya ukuta. Ili kunyoosha mstari walikuwa wamefyeka kijia katikati ya alizeti zangu za nyuma, na kwenye kijia kile wamepigilia vigingi vinane na kuvifunga uzi wa nailoni wa kijani. Mbele, mstari wao ulikwenda sawa na alizeti alizopanda mama mkwe, sawa kabisa. Kuanzia katikati ukaanza kuingia kwangu kidogo kidogo, na kule mwisho ulikuwa umeingia hatua nzima. Kilichonipandisha hasira zaidi ni vigingi vyenyewe. Hawakuja na mbao. Walikuwa wamekata mashina ya alizeti zangu, wakayachonga ncha, wakayapigilia kwenye kiwanja changu.

Fundi mmoja alikuwa bado anakusanya vifaa. Nikamuuliza ni nani kawaruhusu.

"Shikamoo mama. Si miti ya pori tu hii?"

"Marahaba. Kwenu pori linapandwa kwa mstari?"

Akanipa namba ya bosi wake. Nikapiga. Sauti ilikuwa ya kijana, pengine miaka arobaini, mtu wa ofisini, mtulivu. Akanisalimia vizuri. Akaniambia mpaka alioonyeshwa na muuzaji ndio huo wenye vigingi, kwamba mimi nimeingia kwake hatua moja kule nyuma, na kwamba ni hatua moja tu, nisijisumbue.

Nilijisumbua. Nilimwambia kwamba mimi nipo pale tangu kichuguu chake kikiwa kidogo, kwamba alizeti zile ndizo mpaka, na kwamba sitatoa hatua, sitatoa unyayo, sitatoa hata kidole. Maneno hayo niliyarudia kwa mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, kwa dada wa duka, na kanisani. Nilimpigia hata mama mkwe. Yeye akauliza tu, "Ile nusu ya nyuma nani alipanda?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mvua ikaninusuru. Masika yale yalinyesha vibaya, gari la mchanga la jirani likakwama, mafundi wakaenda zao, naye akaonekana kusahau habari ya ukuta. Alizeti zikaziba kile kijia katika muda wa wiki sita. Vigingi sikuving'oa, kwa sababu kwanza nilitaka aje aving'oe mwenyewe, na baadaye sikuviona tena. Nilijua vimeoza. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Nilistaafu. Mtaa ukapata mwenyekiti mpya, na tangazo likabandikwa: urasimishaji wa viwanja unakuja, wapimaji watapita nyumba kwa nyumba, kila mwenye kiwanja asimame na jirani yake waonyeshe mpaka na kutia sahihi. Wasiokubaliana, kiwanja kitaandikwa kina mgogoro na kuachwa hadi wapelekane wanakojua.

Jumapili ile ile jirani alikuja na gari lake, mara yangu ya kwanza kumwona uso. Alivaa viatu vyeupe. Akanipa shikamoo, akatembea hadi mwisho wa kiwanja, akazipa alizeti mgongo na kuhesabu hatua kwa sauti kuelekea kwangu. Hatua ya tatu ilimweka katikati ya matembele yangu.

"Mpaka wangu unafika hapa," akasema. "Tulipigiana simu zamani, ila wakati ule sikuwa nimepima vizuri."

"Wakati ule ulisema moja."

"Sikumbuki hivyo, mama. Na hivi vichaka inabidi uvitoe ili wapimaji wapite."

Nilimjibu kwa lile neno langu. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba hataki kuoga, akaingia garini. Hatua tatu maana yake ilikuwa bustani. Ingebaki hatua moja ya matuta, na zile alizozitaka ndizo zenye udongo wangu wote. Nilikwenda kwa mwenyekiti mpya. Akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nina karatasi inayoonyesha vipimo. Hati ya mauziano ilisema tu "kimepakana na kiwanja kitupu". Miaka thelathini nimetunza mafaili ya watu wengine, na langu lilikuwa na sentensi hiyo.

Mwezi wa nane mama mkwe akaugua mguu. Nilikwenda Msimbu kumtazama, nikakaa siku nne, tukakubaliana arudi nami Kibaha aonwe na daktari. Tulishuka Pangani mchana. Kutoka barabarani sikuona maua, nikajua.

Zote zilikuwa chini. Watu walikuwa wamefyeka kuanzia barabarani hadi nyuma, visiki vimebaki urefu wa kiganja, na mashina yametupwa juu ya mchicha wangu. Dada wa duka alikuja mbio kusema kwamba vijana walikuja na mapanga, wakasema wametumwa na jirani, na wakadai kwamba mimi mwenyewe najua. Nilisimama nikitazama kiwanja kile kilichokuwa wazi, nikaona nyumba za watu ambazo sikuwahi kuziona kutoka kwangu, na nao wakaniona. Sikupiga kelele. Nilikwenda kuchukua jembe.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, akanitazama nikitoa mashina juu ya mboga kwa hasira, nikiyatupa upande wa pili.

"Usiyatupe kwake," akasema. "Yataota."

"Yaote."

Nilifanya kazi hadi nikafika katikati ya kiwanja, na hapo ndipo nikaviona. Kati ya visiki vyangu vya nyuma, vilivyokaa ovyo kama meno ya mtoto, palikuwa na visiki vingine vilivyonyooka mstari mmoja. Vimeachana sawasawa, kila baada ya hatua mbili na nusu. Niliinama. Kwenye shina la kila kimoja, chini kabisa, gome lilikuwa limevimba na kumeza kitu cha kijani. Nilikwangua kwa ukucha. Ulikuwa uzi wa nailoni. Na pembeni ya machipukizi yaliyofyekwa, kila kimoja kilikuwa na kichwa cha zamani, kifupi, kikavu, kilichopondwa na nyundo.

Vigingi vilikuwa havikuoza. Mafundi wale walikata shina lililokomaa, wakalichonga ncha, wakalipigilia ardhini siku chache kabla ya masika, yaani walifanya kila kitu ambacho mama mkwe alinifundisha, isipokuwa jivu. Vyote vinane vilishika. Vilikuwa vimesimama ndani ya alizeti zangu mwaka mmoja na nusu, vikichanua, na mimi nikiviita vyangu.

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilikaa chini. Uzi ule ulionyesha kwamba jirani mwenyewe aliweka mpaka wake hatua moja, si tatu. Lakini ulionyesha hatua moja. Ukinyoosha kamba kutoka kwenye alizeti za mbele, zile za mama mkwe ambazo hakuna aliyezibishia, ilikwenda moja kwa moja kwenye vigingi. Mstari uliopinda ulikuwa wangu. Nilipanda kwa macho, nikiwa na haraka na kiburi, nikaingia kwake. Ili nimshinde kwa hatua mbili ilinibidi nimpe ile moja ambayo nilishaapa mbele ya mtaa mzima na waumini wa kanisa kwamba sitatoa hata kidole.

"Ninaweza kukata uzi," nikasema. "Nikavipanga upya kwenye mstari wangu."

Mama mkwe alikuwa anajikanda goti.

"Utakuwa umefanya kama yeye," akasema. "Ila yeye ana gari."

Nilikasirika na mama yule siku mbili nzima. Nilimpeleka kwa daktari nikiwa nimemkasirikia, nilimpikia uji nikiwa nimemkasirikia. Nilijiambia kwamba mjane akitoa hatua moja wataomba kiwanja, kwamba ulimwengu huu haumwachii mwanamke mpole hata mlango wa choo. Bado naamini hivyo. Lakini kila nilipokwenda nyuma nilikuta visiki vile vimechipua zaidi, vyangu vimepinda na vyake vimenyooka, na hakuna namna ya kuvitazama ukajidanganya. Siku ya tatu nilichukua panga, nikasafisha majani kuzunguka kila kigingi, ili kionekane vizuri.

Wapimaji walikuja asubuhi, wawili, binti mmoja mwenye kofia pana akiwa na chombo cha kupimia, na mwenzake wa kushika fimbo. Mwenyekiti alikuwepo na wajumbe wake, na majirani wa pande zote, maana watu hawakuwa tayari kukosa. Jirani alikuja na viatu vile vile vyeupe. Akaonyesha mpaka wake kwenye matembele. Akasema vile vichaka vilikuwa vya pori, havijawahi kuwa mpaka, na yeye kwa hiari yake amesaidia kusafisha.

Binti akanigeukia. "Na wewe mama, unaonyesha wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilinitoka yote kichwani.

"Hatua moja kule mwisho ni yake," nikasema. "Nilipanda vibaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Nilisikia watu wakinung'unika nyuma yangu, na dada wa duka akisema, "Heh, mama kakubali?" Jirani akaanza kutabasamu. Nikamwacha atabasamu kidogo.

"Lakini hatua mbili anazoongeza si zake. Na shahidi wangu ni yeye."

Nikawapeleka kwenye vigingi. Nikawaonyesha uzi mmoja baada ya mwingine. Binti alipiga magoti, akavuta gome kwa kalamu, akaangalia. Mwenyekiti naye akainama, akaugusa.

"Uzi anaweza kufunga mtu yeyote," jirani akasema. "Hata yeye anaweza kufunga."

Mama mkwe alikuwa amejikongoja hadi pale na fimbo yake. Alimsalimia kijana kwanza, akangoja shikamoo yake, akaitikia. Kisha akamuuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Mwanangu, na hivi vichwa nani kavigonga nyundo?"

"Mafundi wangu walipigilia, lakini ilikuwa ya muda tu, mama. Vilikuwa vigingi. Havikuwa vya kuota."

Yule binti aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita mwenzake, na fimbo ya kupimia ikasimamishwa kwenye kigingi cha kwanza, halafu cha pili, hadi cha nane. Jirani alifuata mstari ule kwa macho, na nilimwona alipofika mwisho na kuelewa. Alitia sahihi. Mimi nikatia yangu chini ya yake, polepole, kwa sababu hatua moja ni hatua moja na mimi sikuzoea kutoa.

Mchana ule nilichemsha mihogo. Jirani alikuwa anafungua mlango wa gari mama mkwe alipomwita ale. Nilidhani atakataa. Alisimama, akala kipande kimoja kwa kusimama, akanawa, akaondoka. Mama mkwe akaniambia imetosha. Mpaka umepandwa na watu wawili, mbele sisi, nyuma yeye, na wamekula. Mwenzangu kachelewa miaka sita, ndiyo tofauti.

Visiki vyangu vya nyuma niliving'oa mwenyewe, vyote. Mizizi ile ilinichukua wiki mbili na ngozi ya viganja. Niliikatakata nikailaza kwenye matuta yaliyobaki, hatua tatu kamili, na mchicha haujalalamika. Vigingi sikuvigusa. Vilirudi kwa mvua za vuli, na masika yaliyofuata vilikuwa vimeshanipita kimo, vimenyooka kama askari, vinachanua kuliko zile za mbele.

Jirani amejenga, amehamia. Ukuta hakujenga, sijui kwa nini, na sikumuuliza. Mwaka huu mwezi wa sita alikuja hadi kibarazani kwangu, akaamkia, akazunguka maneno, mwisho akasema zile alizeti za nyuma zimeziba dirisha la chumba chake cha kulala, nyuki wanaingia, na mkewe analalamika. Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, nizikate.

Nilimwazima panga. Nikamweleza kwamba akate usawa wa goti, asubiri maua yakauke kwanza, na asishangae zitakaporudi.

"Lakini mimi sikati," nikamwambia. "Zile umepanda wewe."